Biola: neno lililotangulia chombo chake

Violini, Jakarta huiita biola. Unguja, katika vikundi vya taarab, huitwa fidla. Chombo ni kilekile: nyuzi nne zilizokazwa kwenye sauti za G, D, A na E, kiwiliwili cha mbao chenye urefu wa sentimita 35 na ushei, na upinde uliofungwa nywele za mkia wa farasi. Majina ndiyo hayafanani hata herufi ya kwanza. Lakini ukiyafuata nyuma, moja kupitia Lisbon na jingine kupitia London, yanazidi kukaribiana, hadi yanaelekea kukutana kwenye neno moja la Ulaya ya zama za kati. Makala haya yanaifuata zaidi biola, kwa sababu safari yake ina jambo ambalo kamusi nyingi hulipita haraka: jina hili lilikuwa likisafiri kabla chombo tunachokiita violini leo hakijajulikana.

Tuanze na kosa linalorudiwa sana, kwamba biola ni neno la Kiholanzi. Ukilisikia, linaingia akilini. Waholanzi ndio waliokaa Indonesia kwa muda mrefu kuliko Wazungu wengine, na maneno mengi ya muziki wa Kizungu katika Kiindonesia ni yao kweli: gitar ni gitaar, orkes ni orkest, terompet ni trompet, musik ni muziek. Kiholanzi nacho kina neno viool kwa maana ya violini. Kwa nini basi biola isitoke hapo?

Jibu liko katika sauti mbili, b ya mwanzo na a ya mwisho.

Kimalei cha zamani, lugha iliyozaa Kiindonesia, hakikuwa na f wala v. Neno geni lenye sauti hizo lilipoingia lilibidi lipewe sauti ya jirani iliyokuwapo, yaani p au b, na uchaguzi haukuwa wa kubahatisha. V ya Kiholanzi hutamkwa kwa namna inayokaribia f, na masikio ya Kimalei yaliipokea kama p. Vulpen, kalamu ya wino, ikawa pulpen. Voorschot, malipo ya kutanguliza, ikawa persekot. Voorloper, mtangulizi, ikawa pelopor. Verband, bendeji, ikawa perban. Kwa utaratibu huo viool ingetupa piol. V ya Kireno ina mtetemo wa wazi kooni, nayo ikapokewa kama b: varanda ikawa beranda, viola ikawa biola. F ya Kireno ndiyo iliyokwenda kwenye p: festa ni pesta, garfo, yaani uma wa mezani, ni garpu. Kuna na la kuongeza. Kaskazini mwa Ureno, ambako watu wengi hawatofautishi b na v, neno hilo hutamkwa biola hata leo, kwa hiyo baadhi ya mabaharia huenda walilileta likiwa tayari limevaa b.

Mwisho wa neno unathibitisha hilohilo. Kiindonesia hakina haja ya kuongeza irabu nyuma ya l: automobiel ya Kiholanzi ikawa mobil, ikaishia hapo. Viool isingepata a kutoka hewani. Viola ya Kireno inayo tangu mwanzo.

Anayetafuta asili ya neno kama hili ajihadhari na mitego miwili. Wa kwanza ni kusema kwamba Kiindonesia kina v, kwani watu huandika televisi na universitas. Maneno hayo ni ya juzi. Yaliingia kwa maandishi na shule, na v yake hutamkwa f. B ya biola ni alama ya umri, inaonyesha neno lililoingia kwa sikio. Mtego wa pili ni Kibaski. Wabaski nao husema biola, wakimaanisha ile viola ya okestra, yenye sauti nzito kidogo kuliko violini, na mtu anaweza kudhani amegundua mabaharia wa Kibaski waliofika Sumatra. Lugha yao imekosa v kama Kimalei, na kila mmoja ametatua tatizo lake nyumbani kwake. Kibengali kilifanya vivyo hivyo: viola ya Kireno ikawa behala, na hilo ndilo jina la violini Kolkata na Dhaka.

Baada ya sauti, tazama majirani. Neno la mkopo haliji peke yake, na kundi ambalo biola imo ndani yake msomaji wa Kiswahili analijua kuliko anavyodhani. Kiindonesia husema meja, sisi meza. Wote kutoka mesa. Wao bendera, sisi bendera. Wote kutoka bandeira. Wao roda, gurudumu. Sisi roda, kapi la kupandishia tanga. Wote kutoka roda ya Kireno. Wao gereja, kanisa. Sisi gereza, na hapa maana imepinda, kwa kuwa igreja ni kanisa na kwetu limekuwa mahali pa kufungia watu. Vasco da Gama alipita Mombasa na Malindi mwaka 1498. Afonso de Albuquerque aliiteka Melaka, bandari iliyo Malaysia ya leo, mwaka 1511. Ujenzi wa Fort Jesus ulianza mwaka 1593, na ngome hiyo ikawatoka Wareno mwaka 1698. Ni himaya moja ya baharini, na maneno yake yametapakaa kwenye bandari za pande zote mbili kama mizigo ya jahazi moja.

Ila viola haikushuka Mombasa. Tunajua hivyo kwa sababu Kiswahili kina v yake na hakihitaji kuibadilisha. Vinho ya Kireno ikawa mvinyo na v ikabaki. Viola ingekaa kinywani mwetu bila taabu. Tulicho nacho ni fidla, na f na d zake hazitoki Ureno hata kidogo. Ni fiddle ya Kiingereza iliyopewa irabu ya kufungia.

Sasa tarehe, kwani hapa ndipo kamusi huandika "kutoka Kireno viola" na kufunga ukurasa.

Picha za mapema za violini ni za mnamo 1530, kaskazini mwa Italia. Gaudenzio Ferrari alichora watoto na malaika wakizipiga, na kwenye kuba la kanisa la Saronno, katikati ya miaka ya 1530, alichora ukoo mzima, wa sauti ya juu, ya kati na ya chini. Zile za mwanzo zina nyuzi tatu tu. Karakana ya Andrea Amati, fundi wa violini, huko Cremona ni ya baadaye kidogo katika karne hiyohiyo. Melaka ilianguka mwaka 1511. Askari na mabaharia walioingia siku hiyo hawakubeba violini, kwa sababu haikuwapo. Walichobeba, na walichokiita viola, kilikuwa kitu kingine.

Kireno cha wakati ule kilikuwa na viola de mão, viola ya mkono, inayopigwa kwa vidole kama gitaa, na viola de arco, viola ya upinde. Kihispania kiligawanya vivyo hivyo: vihuela de mano, vihuela de arco, na hata vihuela de péñola, ya kupigwa kwa unyoya. Jina lilikuwa la jamii nzima ya vyombo vya nyuzi vyenye shingo, na namna ya kukipiga ndiyo iliyoongezwa nyuma yake. Ureno wa leo umebaki zaidi upande wa vidole. Viola braguesa ya Braga ina nyuzi kumi zilizopangwa jozi tano, viola caipira ya Brazili vilevile, na mtu akikuambia Lisbon kwamba anapiga viola, tegemea kuona gitaa. Violini yenyewe wanaiita violino, neno walilolichukua kwa Waitalia, au rabeca, ambalo nitalirudia.

Kwa hiyo jina moja liligawana bahari. Ureno ulibaki na chombo cha vidole, Nusantara, yaani visiwa vya Indonesia na majirani zake, ikabaki na cha upinde. Sababu, kwa maoni yangu, ni nafasi zilizokuwa wazi. Chombo cha kupigwa kwa vidole kilishapata jina katika Kimalei: gambus, kilichotoka Yemen, ambako huitwa qanbus. Hilo nalo ni jina tunalolijua, kwa kuwa Wahadhrami waliufikisha uzao wake kwetu pia, gambusi ya pwani ya Waswahili na gabusi ya Ngazija. Baadaye gitar ya Kiholanzi ikaja na kuchukua kilichobaki. Violini ilipoanza kuenea katika bandari za Asia, karne ya 17 na ya 18, ilikuwa ngeni, ilihitaji jina, na jina la Kireno lilikuwa tayari midomoni mwa watu. Chombo kilikuja kulikuta neno linakisubiri.

Mtu atauliza: karne ya 17 na ya 18 ni zama za Waholanzi, Kireno kilikuwa midomoni mwa nani? Mwa watumwa, na mwa waliokuwa watumwa. Batavia, Jakarta ya leo, ilianzishwa na Waholanzi mwaka 1619, lakini lugha iliyosikika mitaani na majikoni mwake kwa zaidi ya miaka mia moja ilikuwa Kireno cha kuvunjikavunjika. Kililetwa na watu walionunuliwa au kutekwa Bengali, pwani za Koromandeli na Malabar huko India, na kutoka Melaka yenyewe baada ya Waholanzi kuichukua mwaka 1641. Walioachiwa huru, wengi wao Wakristo, waliitwa Mardijker. Jina hilo lina asili ya Kisanskriti, na ni ndugu wa merdeka, neno ambalo Waindonesia wanalitumia hadi leo kwa uhuru wa nchi yao. Kundi moja la watu hao liliwekwa Tugu, kaskazini-mashariki ya mji, mwaka 1661. Kijiji bado kipo, kimezungukwa na Jakarta ya bandari na malori, na wazawa wake wanapiga keroncong, muziki unaochanganya biola na filimbi na gitaa ndogo wanazoziita macina na prounga.

Nyumba kubwa za Batavia nazo zilikuwa na bendi za watumwa. Tajiri alipokaribisha wageni, watumwa wake walipiga biola wakati wa chakula. Augustijn Michiels, mwenye mashamba makubwa kusini mwa mji, aliyefariki mwaka 1833, alijulikana sana kwa bendi zake za namna hiyo, na yeye mwenyewe alikuwa wa ukoo wa Mardijker. Utumwa ulipopigwa marufuku katika makoloni hayo mwaka 1860, wapigaji wakawa watu huru wenye ujuzi na bila bwana, wakaanza kupiga kwenye harusi na sikukuu. Vikundi hivyo huitwa tanjidor. Neno latoka tangedor ya Kireno, mpiga nyuzi, lakini tanjidor ya leo ni bendi ya tarumbeta, tromboni na ngoma kubwa. Jina la nyuzi limeangukia shaba. Anayeona shida kuamini kwamba biola ilihama chombo atazame tanjidor, imehama mbali zaidi, na ndani ya jumuiya ileile.

Ninasisitiza jambo hili kwa sababu historia ya maneno huandikwa mara nyingi kana kwamba mataifa ndiyo yaliyokopeshana. Biola haikupelekwa na Ureno. Iliwekwa hai kwa miaka mia na zaidi na watu ambao Ureno iliwapoteza na Uholanzi iliwanunua. Na tarehe 28 Oktoba 1928, kwenye kufunga Kongamano la Pili la Vijana katika nyumba namba 106 ya barabara ya Kramat, Wage Rudolf Supratman alisimama akaupiga kwa biola, bila maneno, wimbo ambao sasa ni wa taifa, kwa sababu polisi wa kikoloni walikuwamo na maneno yangeleta balaa. Biola yake imehifadhiwa katika nyumba ileile, ambayo sasa ni makumbusho.

Turudi Ulaya. Viola ya Kireno na ya Kiitalia inaungana na viola au viula ya Kioksitani, lugha ya washairi waimbaji wa kusini mwa Ufaransa, na viele ya Kifaransa cha kale. Nyuma yake kuna vitula au vidula ya Kilatini cha zama za kati. Njia ya sauti ni ya kawaida katika lugha hizo: t iliyokaa kati ya irabu hulainika ikawa d, kisha d nayo huyeyuka. Vitula, vidula, viula, viola.

Upande wa kaskazini d haikuyeyuka. Kijerumani cha kale kina fidula, inayotajwa katika shairi la Otfrid wa Weissenburg la karne ya 9. Kiingereza cha kale kina fithele, ambayo baadaye ikawa fiddle. Kiaislandi hadi leo husema fiðla, na Mzanzibari akilisikia likitamkwa atageuka kuangalia nani anamzungumzia mpiga fidla. Kinorwei kimelikata hadi fele. Kuhusu f badala ya v, kuna mfano unaosaidia: versus ya Kilatini, ubeti, iliingia katika Kiingereza cha kale na Kijerumani cha kale ikawa fers. Kwa hiyo vitula kuwa fithele si jambo la kulazimisha.

Wanaisimu wamegawanyika juu ya nani alimkopesha nani. Wengine husema Wajerumani wa kale walichukua vitula kwa Warumi. Wengine, kwamba vitula ni fidula iliyovalishwa kanzu ya Kilatini na makasisi waliokuwa wakiandika. Naona hoja ya kwanza ina nguvu zaidi, kwa kuwa Kilatini kina kitenzi vitulari, kushangilia, na mungu wa kike Vitula, wa furaha na ushindi, ambavyo vinaupa mzizi pa kushika. Vyovyote iwavyo, wengi wanakubali kwamba matawi mawili ni ya mti mmoja, na hapo ndipo biola na fidla zinapokuwa ndugu. Kinachopaswa kuachwa ni maelezo mawili yanayopendwa mitandaoni. Moja ni kwamba chombo kimeitwa kwa jina la ndama, vitulus, eti kwa ajili ya nyuzi za utumbo. Nyuzi hizo zilitengenezwa zaidi kwa utumbo wa kondoo. La pili ni kwamba kimeitwa kwa ua la viola, lile la zambarau. Majina ya ua hilo na chombo hicho yamefanana kwa bahati tu.

Italia ndiyo iliyopanua ukoo kwa viambishi, na mwenye Kiswahili ataelewa haraka kuliko Mwingereza. -ino hufanya kazi ya ki- yetu ya udogo, -one hufanya kazi ya ji- ya ukubwa. Viola ndogo ni violino. Viola kubwa ni violone. Kisha wakahitaji jina la violone iliyopunguzwa, wakaongeza udogo juu ya ukubwa: violoncello. Waingereza na Waholanzi waliochoka na urefu wake wakabakiza cello, na Kiindonesia kikachukua selo. Litazame neno selo vizuri. Ndani yake hakuna viola tena. Umebaki udogo peke yake, kiambishi kinachotembea bila shina. Na katika keroncong selo ina nyuzi tatu, hudonolewa kwa vidole, hasa dole gumba, ili kuiga mapigo ya ngoma ya kendang. Upinde hautumiki.

Wajerumani walifanya kinyume chake. Viola ya kushikwa mkononi iliitwa viola da braccio, na ile ya kubanwa miguuni viola da gamba. Wao wakatupa viola wakabakiza mkono: Bratsche. Wahungari wakaichukua ikawa brácsa. Kiindonesia kilipohitaji jina la viola ya okestra kilijikuta kimeshalitumia, biola ikiwa ni violini, kikalazimika kusema biola alto. Ukitafsiri karatasi za muziki kutoka Kiitalia kwenda Kiindonesia, hapo ndipo makosa hutokea: viola kwenye karatasi si biola, ni biola alto, na biola ni violino. Anayekosea herufi moja anamkabidhi mpigaji karatasi ya sauti tano chini, iliyoandikwa kwa ufunguo asiouzoea.

Imebaki rabeca. Wareno wanapoita violini ya kijijini rabeca wanatumia neno la Kiarabu, rabab, ambalo al-Farabi alieleza chombo chake katika karne ya 10 na ambalo liliingia Ulaya kupitia Andalusia, likazaa rebec ya Wafaransa. Rabab hiyohiyo ilikwenda mashariki pia, pamoja na Uislamu, ikawa rebab ya Java, chombo cha nyuzi mbili kinachosimamishwa wima mbele ya mpigaji katika gamelan, kundi la ala za jadi za Java. Neno moja la Kiarabu likafika miisho yote miwili ya njia ya Wareno kabla Wareno hawajaisafiri.

Na miisho hiyo inakutana pwani ya kusini ya Sumatra Magharibi, Pesisir Selatan. Wasimuliaji wa Kiminangkabau wa huko huimba kaba, hadithi ndefu zinazoweza kuchukua usiku mzima, kwa ala wanayoiita rabab. Ukiitazama ni violini: nyuzi nne, kiuno kilichobanwa, matundu mawili kifuani yaliyochongwa kama herufi f. Mpigaji hukaa chini amekunja miguu, haiweki begani, huisimamisha wima mbele yake kama rebab ya kale na kuvuta upinde kwa ulalo. Umbo ni la Italia, mkao na jina ni vya rabab, na ukimuuliza kifaa chenyewe ni nini, atakuambia ni biola.